Upepo ulipoitwa, ulikuja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika mwezi uliopita kwamba opera, ule mchezo wa kuigiza unaoimbwa, ni mayowe ya matajiri waliojifungia kwenye majumba ya mazulia mekundu, na kwamba Mswahili akisema anaipenda basi anajipendekeza kwa Wazungu. Barua ile niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikamwelewa, maana hata mimi niliwahi kusema hivyo hivyo. Ya tatu ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, Tanga. Huu ni mwaka wa kumi na moja naishi Innsbruck, mji wa milimani nchini Austria, na kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka na vitambaa vya meza vya hoteli. Kijerumani nimekiokota kazini. Kiitaliano sikijui, Kifaransa sikijui, na nota sijui kuzisoma. Muziki nilioukuta nyumbani ni taarab, kwa sababu mjomba wangu alikuwa mpiga udi wa kikundi cha mtaani na mazoezi yao yalikuwa barazani kwetu. Nayasema haya ili ndugu yangu ajue ni nani anayemjibu.

Kila Agosti mji huu huwa na tamasha la muziki wa kale, lililoanza mwaka 1976. Hupigwa muziki wa baroki, yaani ule wa tangu karibu 1600 hadi 1750, kwa vyombo vya aina iliyotumika enzi hizo. Miaka yote hiyo nilipita kando ya mabango yake nikienda zamu, sikusimama hata siku moja. Agosti ya mwaka jana, 2014, mwenzangu wa kazini aliamka na homa, akanipa tiketi yake isiozee mkobani. Akaniambia nichukue mtandio mzito kwa sababu onyesho ni nje.

Nje penyewe ni ua wa Kitivo cha Teolojia cha chuo kikuu, jengo lililokuwa la Majesuti, watawa wa Kikatoliki, ubavuni mwa kanisa lao. Ni ua wa mawe uliozungukwa na kuta, na juu yake mbingu tupu. Waliweka jukwaa la mbao na viti vya safu, basi. Nilifika mapema mno, kama tunavyofika harusini kwetu kabla hata ubani haujafukizwa, na kwa kufika mapema ndiyo nikaona jambo ambalo wengi hawalioni.

Kijana mmoja alikuwa ameinamia hapsikodi, kile kinanda ambacho ukibonyeza, nyuzi zake hudonolewa na vijiti vidogo, hazigongwi kama za piano. Ukiisikia kwa mara ya kwanza utadhani ni ganuni imewekwa ndani ya sanduku. Mkononi alikuwa na ufunguo wa chuma. Anabonyeza, anasikiliza, anazungusha msumari kidogo sana, kiasi cha unywele, anabonyeza tena. Kengele ya kanisa ikaanza kulia. Hakukasirika wala hakuendelea. Aliacha mkono wake juu ya nyuzi, akangoja mpaka mlio wa mwisho ukaisha kabisa hewani, ndipo akaendelea na uzi ule ule. Alipomaliza akaifunika blanketi kama mtoto, jua lilipokuwa linashuka na ubaridi unapanda kutoka kwenye mawe.

Nilimwelewa mara moja. Mjomba alikuwa akilaani unyevu wa bahari kila Ijumaa. Fidla za muziki huu zinafungwa nyuzi za utumbo wa kondoo, na utumbo hunywa unyevu. Umande ukianguka tu, sauti imehama. Ndiyo maana wanamuziki wale kila baada ya muda walisimama kukaza na kulegeza, na watu wakangoja kimya bila kunung'unika. Halafu akatokea bwana mmoja amebeba chombo kirefu kumzidi yeye mwenyewe, shingo yake ndefu kama mlingoti, tumbo lake la mbao la mviringo. Hiyo ni teorbo. Lakini tumbo lile nalijua! Ni udi. Vinanda vyote vya ukoo huo huko Ulaya vimetokana na udi wa Waarabu, hata jina lao la luti limetoka kwenye al-ud ya Kiarabu. Nilikaa kwenye kiti changu cha safu ya nyuma nikawa kama niliyekutana na ndugu wa marehemu mjomba kituo cha basi.

Na karatasi zao za muziki, kwa ajili ya upepo, walizibana kwa vibanio vya nguo. Vibanio vya mbao, vya kamba ya kuanikia. Mimi navishika vibanio mia kwa siku.

Opera ya usiku ule inaitwa L'Orontea, kazi ya Antonio Cesti. Huyu alikuwa mtawa wa Kifransisko kutoka Arezzo, Italia, aliyeajiriwa na mtawala wa hapa Innsbruck, Ferdinand Karl, ambaye pamoja na mkewe Anna de' Medici walipenda opera kupita uwezo wa hazina yao. Mwaka 1655 Malkia Christina wa Uswidi alipopita hapa na kutangaza hadharani kwamba amekuwa Mkatoliki, walimkaribisha kwa opera ya Cesti. L'Orontea ilifuata mwaka 1656, mji huu huu. Nakubali, ndugu yangu asije akanikosoa, kwamba ilikuwa mwezi Februari na ndani ya nyumba. Haikutungwa kwa ajili ya ua. Nitalirudia hilo.

Orontea ni malkia wa Misri. Ameapa hatampenda mtu, na mshauri wake mwanafalsafa anamsihi aolewe, hataki. Mara anatokea mchoraji mgeni, Alidoro, hana jina wala mali, na malkia anaungua. Kuna mlevi anaimba sifa za mvinyo, kuna mabibi wa ikulu wanaobadilisha wapenzi, na mwishoni mchoraji anagundulika kuwa ni mtoto wa mfalme aliyepotea. Kwa mtu aliyelelewa na ngano za bibi, hakuna cha kufafanuliwa hapo. Waimbaji walikuwa vijana. Wengi hutoka kwenye mashindano ya uimbaji ambayo tangu 2010 hufanyika hapa na kubeba jina la Cesti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Karibu na mwisho wa sehemu ya pili, Alidoro amelala chini, hana habari na dunia. Malkia anamkuta. Mchana alikuwa amemgombeza mbele za watu, sasa yuko peke yake na hana wa kumficha. Fidla mbili zinaanza polepole, na yeye anaimba, si kwa mchoraji bali kwa upepo. Maneno yake kwa Kiswahili ni kama hivi: enyi pepo laini, vumeni, vumeni mumzunguke kipenzi changu, na mashavuni mwake mbusuni kwa niaba yangu. Nyumbani tunao wimbo wa kumtuma ndege na wa kuutuma upepo kwa mpenzi, kwa hiyo sikuhitaji Kiitaliano, tafsiri ya Kijerumani ilinitosha.

Ndugu Mhariri, upepo ulikuja. Sisemi kwamba ni muujiza. Huu ni mji ulio bondeni na jua likizama hewa ya mlimani hushuka, kila mwenyeji anajua. Lakini ulikuja pale pale, ukapita juu ya safu zetu kutoka nyuma, mitandio ikainuka mabegani mwa wanawake mmoja baada ya mwingine mpaka mbele, ukafika jukwaani na kushika shuka lililomfunika yule kijana aliyelala. Karatasi ya mpiga teorbo ikachomoka upande mmoja, kibanio kikaanguka juu ya mbao. Tak. Mtu mzima yule alinyoosha mguu akaikanyaga karatasi isiruke, huku vidole vyake haviachi nyuzi. Na binti aliyekuwa malkia alisikia upepo kwenye nywele zake. Niliona alivyofumba macho. Mstari uliofuata aliuimba chini zaidi, karibu na kunong'ona, na sauti yake ikagonga ukuta wa pili na kurudi kwetu nzima, bila spika, bila waya wowote.

Hakuna aliyekohoa. Nililia, na mama wa Kitiroli, mwenyeji wa jimbo hili la Tirol, aliyekaa kando yangu alinipa leso bila kunitazama.

Tangu usiku ule nimesikiliza wimbo huo mara nyingi kwenye simu, umeimbwa na mabingwa wakubwa kuliko yule binti. Ni mzuri. Lakini ni wimbo wa mtu anayeutaja upepo. Nje uani ulikuwa wimbo wa mtu anayeuita.

Mwaka huu nilinunua tiketi kwa pesa yangu, safu ile ile ya nyuma. Ilikuwa Armide ya mtunzi Lully, opera ya Kifaransa ya mwaka 1686. Armide ni mchawi wa Dameski, adui yake ni askari wa msalaba anayeitwa Renaud. Kuna mahali Renaud anafika ukingoni mwa mto, anaimba jinsi maji, maua na kivuli vilivyo vitamu, usingizi unamchukua. Hapo Lully aliagiza fidla zizibwe kidogo ili sauti iwe ya pamba, na zinapanda na kushuka bila kukoma kama maji. Kuanzia hapo nikaanza kuona kwamba watu hawa wa baroki walikuwa wanapenda sana kumlaza mtu nje: kwenye majani, ukingoni, chini ya mti, na muziki unamwangalia. Ukumbini hayo yote huchorwa kwenye pazia. Uani nilikuwa nanusa majani mabichi, giza lilikuwa giza la kweli na popo walikuwa wanapita juu ya taa.

Kisha Armide anaingia na jambia amuue. Anainua mkono. Hawezi. Na Lully hapo alifanya kitu ambacho sikukitarajia kwa muziki wa miaka zaidi ya mia tatu: alikata maneno vipande na kuweka kimya katikati. Tumalize. Kimya. Natetemeka. Kimya. Nilipize kisasi. Kimya. Nashusha pumzi. Kimya kile kimeandikwa, ni sehemu ya wimbo. Ndani ya jumba kimya ni kimya tu. Nje, katika kimya cha kwanza nilisikia majani, katika cha pili dirisha likifungwa ghorofani, na katika cha tatu sikusikia kitu isipokuwa pumzi za watu waliokuwa mbele yangu, wote wamezizuia. Mwanamke ameshika kisu juu ya mtu anayempenda na dunia nzima inaendelea kufunga madirisha yake. Hilo sikulisoma mahali, nililisikia.

Simfichi msomaji mwenzangu mabaya ya nje. Mvua ikinyesha, onyesho huhamishiwa ndani, na ukishajipanga kwa nyota unaingia umenuna. Ubaridi wa saa nne usiku huku milimani si wa mchezo, hata Agosti. Na mwaka mmoja nilipelekwa na marafiki kwenye opera ya nje katika mji mwingine, Ujerumani, ndani ya ua wa ngome nzuri kupindukia. Waandaaji walifunga spika nguzo zote. Mwimbaji alisimama kulia, sauti yake ikatoka kushoto. Hapsikodi ilikuwa inapasua masikio kama mabati. Upepo ulipovuma, tuliusikia kwenye vinasa sauti ukikoroma kama lori. Usiku ule mimi ningemuunga mkono ndugu yangu kwa neno lake la mayowe. Sio opera iliyokuwa na kosa, na sio ua. Kuta zile zingetosha.

Nilisema nitarudi kwenye swali la Februari. Ni kweli opera nyingi za enzi hizo ziliimbwa ndani, kwa mishumaa. Lakini kiangazi watu wale wale walitoka nje. Tarehe 4 Julai 1674, Alceste ya Lully huyu huyu iliimbwa Versailles, katika ua wa marumaru mbele ya madirisha ya mfalme Louis XIV, kati ya michungwa na taa. Na mwaka 1723, Agosti, mjini Prague, ikaimbwa opera Costanza e fortezza ya mtunzi Fux, nje, kwa sherehe za Kaisari Karl VI kuvikwa taji la Bohemia, ufalme wa huko, waimbaji wapatao mia na wapigaji wapatao mia mbili. Fux mwenyewe alikuwa mgonjwa wa jongo, hawezi kusafiri, na Kaisari akaamuru abebwe kwa machela kutoka Vienna mpaka Prague ili asikose kuisikia kazi yake. Namfikiria mzee yule machelani, miguu imevimba, njia ndefu, anapelekwa kusikiliza.

Kati ya wapigaji wa Prague alikuwamo kijana Quantz, aliyekuja kuwa bingwa wa filimbi, na aliacha maandishi. Alisema muziki wa Fux ukiutazama kwenye karatasi ulionekana mzito na mkavu, wa kanisani, lakini pale nje kwa kundi kubwa vile ulikuwa na fahari, kuliko ambavyo ungekuwa muziki wa madoido na nota ndogo ndogo zinazokimbia. Maana nota zinazokimbia hupotea hewani. Nilipolisoma hilo nilikumbuka wavuvi wa kwetu. Usiku ukikaa ufukweni unawasikia wakiitana baharini, mbali, na neno linafika kamili, kwa sababu hewa ya juu ya maji imepoa na kwa sababu wanaitana polepole, neno moja moja, wakivuta irabu. Hakuna mvuvi aliyemfundisha Fux wala Fux aliyemfundisha mvuvi. Wote wawili waliijua hewa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ndugu yangu asiihukumu opera kwa jumba. Kama yuko Munich, na barua yake ilionyesha yuko upande huo, safari ya treni hadi hapa haichukui hata masaa mawili. Tiketi ya nyuma naimudu mimi mfua mashuka. Asikae pembeni kabisa chini ya ukuta, sauti hapo hujikunja. Akae katikati, hata kama ni mbali. Asome kisa kabla, kurasa mbili zinatosha, kisha aweke karatasi chini, kwa maana giza likishaingia hawezi kusoma na hatakiwi kusoma. Na simu aizime kabisa, siyo kuiweka kimya, kwa sababu mwanga wake uani unaonekana kama kurunzi baharini.

Nina la kuwaambia na wenye vikundi vya taarab huko nyumbani, kwa heshima, maana mimi ni mtoto wao. Mjomba na wenzake barazani walikuwa hawana spika, na tulimsikia mpiga udi akivuta pumzi kabla ya kuanza. Nyua zetu za mawe bado zipo. Usiku mmoja tu, jaribuni kuchomoa waya.

Agosti hii, kabla ya Armide, nilitia vibanio vinne mfukoni, vile vya mbao vyenye chuma kigumu ambavyo havitelezi, ninavyotumia kwa vitambaa vizito. Wakati wa mapumziko nilikwenda mpaka ukingo wa jukwaa nikampa mpiga teorbo. Alivigeuza mkononi, akacheka, akauliza kwa Kijerumani cha kigeni kama changu nimejuaje. Nikamwambia mwaka jana nilikiona kikianguka. Hakuwa yeye mwaka jana, alikuwa mwingine, lakini alivichukua, akabana kurasa zake pembe zote nne. Sehemu iliyobaki upepo ulikuja mara mbili na karatasi haikusogea.

Msomaji wenu wa Chumbageni, Tanga
Innsbruck, Austria
Septemba 2015